Hagari wa Susu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Mtu akiniletea sukari bila sababu, naionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Tabia hii sikuzaliwa nayo. Niliiokota nyumbani, kwetu upande wa Katelembo, katika boma ambalo kila jirani alijua lilivyojengwa na kila mmoja alijifanya hajui.

Mambo yenyewe ni haya. Susu, yaani nyanya yangu, hakujaliwa mtoto. Mume wake alipokufa bila mrithi, Susu alifanya kile ambacho Wakamba wamefanya tangu zamani: alitoa mbuzi wake, akaenda mpaka upande wa Matuu, akaposa msichana, akamwoa. Ndiyo, yeye mwenyewe alimwoa, mwanamke kwa mwanamke, ili boma la mumewe lisife. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Watoto atakaozaa huhesabiwa kuwa wa yule marehemu, hubeba jina lake na kulima shamba lake. Msichana huyo ndiye mama yangu. Alinizaa mimi, kisha ndugu yangu mdogo, na Susu akatulea kama wajukuu wake wa damu.

Mwanamume aliyehusika hatajwi. Hilo ndilo sharti, na mama yangu alilishika kwa meno. Lakini mtoto hakatazwi kutazama. Nimekagua masikio ya wanaume wengi wa vilima vile, kanisani, matangani, kwenye foleni ya maji, nikiyalinganisha na masikio yangu ambayo yamechomoza kidogo. Jibu sikupata, ila mazoea ya kukagua watu yalibaki.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, mimi nilikuwa nashona suruali katika kiwanda kimoja kule Athi River, na kila Jumamosi jioni nilirudi nyumbani. Ndipo Susu, mgongo ukiwa umeshaanza kukunjika, alipotangaza kwamba anataka kubatizwa. Sisi watoto tulibatizwa wadogo. Mama alibatizwa kwao kabla hajaolewa, ingawa tangu aingie boma letu hakuruhusiwa kukomunika. Alikaa benchi la mwisho pamoja na wanawake wenye watoto wachanga, na watu walipopanga foleni kwenda mbele yeye alibaki akiwashikia watoto. Susu peke yake ndiye aliyekuwa hana maji kichwani. Miaka yote alikuwa akisema mambo ya kanisa ni ya watu walio na nafasi.

Nilimuuliza imekuwaje. Alikuwa anasuka kiondo, uzi umebanwa na kidole cha mguu.

"Nimesikia kuna mzee aliahidiwa uzao akiwa hana mtoto," akasema. "Na ahadi ikatembea kwa watoto wa watoto wake mpaka ikafika kwa Mkombozi. Nataka kujua ilitembea namna gani."

Basi akaingia darasa la wakubwa. Katekista alikuwa mgeni kwetu, kijana mpole kutoka upande mwingine wa wilaya, aliyefundisha kila Jumapili baada ya ibada katika kile kikanisa chetu cha mabati. Padre alifika mara moja kwa mwezi. Mimi nilimpeleka Susu nikimshika mkono, nikakaa naye, kwa hiyo ninayosimulia niliyasikia kwa masikio yangu haya haya yaliyochomoza.

Katekista alianza na Abrahamu. Akasimulia jinsi Mungu alivyomwita, akamwahidi kwamba kwa uzao wake mataifa yote yatabarikiwa. Akamfuata Isaka, akamfuata Yakobo, akamfuata Yuda, akishuka ukoo kama mtu anayeshuka matuta ya shamba, na kila tuta akisimama kutuonyesha kwamba Mkombozi aliyeahidiwa alikuwa bado yuko mbele. Wazee walipenda sana. Mkamba ukimsomea ukoo humchoshi. Susu alikuwa akitikisa kichwa kila jina likitajwa, kama mtu anayesikia habari za majirani.

Shida ilizaliwa siku ya Sara na Hagari. Katekista alieleza kwamba Sara hakuwa na mtoto, akampa mumewe mjakazi wake ili apate mtoto kupitia kwake. Hajamaliza sentensi, Susu akainuka. Uso ulikuwa umechangamka, sijapata kumwona hivyo.

"Mwalimu, hiyo nimeelewa," akasema. "Sara alichukua iweto. Hata mimi niko na Hagari wangu. Huyu msichana ni mtoto wake." Akanielekezea fimbo. "Kwa hivyo mimi niko ndani ya hiyo hadithi tayari."

Maskini Susu. Alidhani amepata mlango wa kuingilia ukoo wa Abrahamu, na akaufungua mbele ya watu.  Wote walijua habari zetu, lakini kujua ni kitu kimoja na kutangaziwa mbele ya katekista ni kingine. Katekista akakohoa, akaangalia chini. Aliyeangalia juu ni mwenyekiti wa jumuiya yetu.

Huyu mwenyekiti nieleze ni nani. Baba yake na mume wa Susu walizaliwa tumbo moja. Kama boma letu lisingekuwa na watoto, shamba letu lote, kuanzia mkonge wa mpaka wa juu hadi kijito cha chini, lingekuwa lake. Hakuwahi kusema neno baya kwetu. Ndiyo maana nilimwogopa. Adui anayetukana unamjua alipo, lakini kikulacho ki nguoni mwako.

"Susu amenena ukweli," mwenyekiti akasema taratibu. "Na tukiendelea kusoma, mwalimu, tutaona Hagari alifanywa nini."

Alijua anachosema. Hagari alifukuzwa pamoja na mwanawe, wakapewa mkate na maji, wakaenda jangwani.

Jumapili iliyofuata katekista alikuja nyumbani. Alikalia kiti cha mbao upenuni, akageuzageuza kofia mikononi, na nilimwonea huruma maana hakuifurahia kazi ile. Alisema amempelekea padre habari, na jibu limerudi: Susu hawezi kubatizwa akiwa na mke. Ni lazima amwachilie kwanza, arudi kwao, ijulikane wazi kwamba ndoa hiyo imekwisha.

"Na watoto?" nikauliza.

"Watoto ni watoto," akasema.

"Ni watoto wa nani, mwalimu? Mama akirudi Matuu kama mtu ambaye hakuolewa, mimi na ndugu yangu ni wa nani hapa?"

Akaigeuza tena kofia. Mama alimwongezea chai. 

Kuanzia siku hiyo kila kitu kilinitia shaka. Mwenyekiti, ambaye miaka yote hakuwahi kutuletea hata kibiriti, akaanza kumletea Susu sukari na majani ya chai. Mkono mtupu haulambwi, nakubali, lakini huu uliojaa ulinuka. Mara nikamkuta anatembea juu ya matuta yetu, mikono nyuma, akiangalia mkonge wa mpaka. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anaangalia kama mvua imebomoa. Mvua ilikuwa bado haijanyesha.

Mara nikamkuta sebuleni na Susu, wameinamiana. Nilipoingia wakanyamaza. Alipoondoka nikamuuliza Susu walikuwa wanaongea nini.

"Mambo ya wazee."

"Mambo gani?"

"Amenikumbusha tu kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe."

Usingizi wangu uliisha pale. Nilirudi kiwandani, nikawa nashona mifuko ya suruali upande usio wake, msimamizi akanifokea mpaka akachoka. Nilichowaza kilikuwa kimoja: Susu anaupenda ule ubatizo. Aliutaka kwa namna ambayo sijaona mtu akitaka kitu. Alikuwa amejifunza sala kwa kichwa, yeye asiyesoma, na alizisema akiota jua, akirudia palipomponyoka. Na kati yake na maji yale alisimama mtu mmoja tu, mama yangu. Nikaanza kumshuku Susu mwenyewe. Tena namshuku mtu ambaye jina lake ndilo nililopewa.

Kwa hasira nikaazima Maandiko kwa msichana tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja, nikawa nasoma ule ukoo kila nikitoka kazini. Sikuwa natafuta wokovu, nilitafuta silaha. Na nilishangaa. Ukoo wa Mkombozi, ambao pale kanisani ulisomwa kama kamba iliyonyooka, ulikuwa na mafundo kila mahali. Yuda alizaa na mke wa mwanawe, tena njiani, bila kumjua. Daudi alichukua mke wa mtu. Halafu nikakuta hadithi ya Naomi, mjane aliyefiwa na wana wake wote, na Ruthu, mkwe wake, aliyekataa kumwacha. Ruthu alipozaa, yule mama mzee alimchukua mtoto akamweka mapajani mwake, na majirani wa kike wakasema Naomi amepata mwana. Naomi ambaye mtoto huyo hakumzaa yeye. Na mtoto huyo ndiye babu yake Daudi, na kwa Daudi ndiko alikotoka Mkombozi.

Nikasema: haya sasa.

Jumapili nikamsimamisha katekista nje ya kanisa, mwenyekiti akiwa karibu, Susu ameegemea fimbo. Nikamweleza yote bila kupumua. Nikamuuliza: kama watu wa Mungu waliweza kusema mtoto wa Ruthu ni wa Naomi, na ahadi ikapita hapo hapo, sisi tuna kosa gani?

Katekista alisikiliza vizuri. "Hoja yako ni nzuri," akasema, "na sitakudanganya, mimi mwenyewe imenigusa. Lakini sheria si yangu. Ruthu aliolewa na mwanamume, watu wakiona. Padre ataniuliza hilo, nami nitamwambia nini?"

"Hayo ni ya Wayahudi wa kale," mwenyekiti akaongeza. "Sisi tuna Kanisa."

Nikamshika Susu mkono tukaondoka.  Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi aliniuliza mara moja tu, "Walisema Naomi amepata mwana?" Nikasema ndiyo. "Wanawake ndio walisema?" Ndiyo, Susu. Akaendelea kutembea.

Ubatizo ulikuwa umepangwa siku ya Pasaka. Jumamosi ya kabla ya Matawi nilifika nyumbani nikamkuta mama anakunja leso zake, anazipanga ndani ya sanduku la bati alilokuja nalo akiwa mwari. Susu alikuwa amekaa kitandani, amegeukia ukuta.

"Unaenda wapi?"

"Kwetu, Matuu. Mpaka Pasaka ipite." Mama alisema hivyo kama mtu anayekwenda sokoni. "Mwenyekiti ameongea na sisi. Nikitoka kwa muda, atashuhudia kwamba nimeenda. Mwaitu atapata ubatizo wake, halafu nitarudi pole pole."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Ndivyo alivyomwita Susu siku zote.

Nilifura. Nilimwambia mama kwamba anayetoka kwa muda hutoka kabisa, kwamba huyo shahidi wa kutoka kwake hatakumbuka kushuhudia kurudi kwake, na kwamba kabla leso hazijakauka Matuu mkonge wa mpaka utakuwa umehama. Nilimgeukia Susu, nikamuuliza kama hiki ndicho alichojifunza kwa Abrahamu, kuwapa watu mkate na maji na kuwaelekeza jangwani. Maneno yalinitoka makali, na mpaka leo siyarudishi hata moja.

"Nyamaza," mama akasema. "Hujui. Mimi nilifika hapa nikiwa msichana ambaye kwao walishindwa kumlisha. Huyu hakuwahi kunipiga, hakuwahi kunilaza njaa. Nimzuie asibatizwe? Kwa ajili ya matuta?"

"Si matuta, ni sisi."

"Ninyi ni wakubwa."

Asubuhi ya Matawi mama alivaa nguo yake ya kanisa, akalitoa sanduku, akaliweka uani ili ajifunge leso kichwani kabla ya kulibeba. Mwenyekiti alikuwa amefika tayari, amesimama karibu na zizi, na nilimchukia kwa jinsi alivyowahi. Susu akatoka. Alitembea polepole na fimbo yake, akapita mbele yetu wote, akafika kwa lile sanduku. Akakaa juu yake.

Mama akangoja. Sisi wote tukangoja. Susu akatoa kitambaa, akajifuta uso.

"Mwaitu, jua litakuwa kali," mama akasema. "Niruhusu."

"Hili sanduku niliona likiingia," Susu akasema. "Sitaona likitoka."

"Na ubatizo?" Mwenyekiti aliuliza kwa upole mwingi.

"Waambie nitangoja nje."

"Susu, utangoja nje mpaka lini? Wewe ni mzee."

"Yule Abrahamu naye aliahidiwa na akafa akingoja. Si ndivyo mwalimu alisema?" Akashika fimbo kwa mikono miwili. "Sara alioa vizuri akaja akaharibu kwa wivu. Mimi siwezi kurudia kosa la mwanamke ambaye nimeshasomewa kosa lake."

Hakuinuka hadi mwenyekiti alipoondoka, na hata baada ya hapo alikaa mpaka mama alipokubali kuvua leso ya kichwani. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Nililia kwa furaha, na pia kwa sababu nilijua alichokitoa.

Pasaka ikaja, wenzake wakabatizwa. Susu alihudhuria. Aliketi benchi la mwisho, karibu na mama, wakishika pamoja watoto wa watu.

Mvua zilipokwisha na baridi ikashuka, kifua kikamshika. Zahanati walimpa dawa, wakatuambia tumpeleke nyumbani apate joto. Jumapili moja mchana nilikuwa nampa uji, akawa hamezi tena, uji unatoka kwa pembe ya mdomo. Pumzi ilikuwa fupi. Nikamwambia mama nikimbie kumwita katekista. Akanikumbusha kwamba katekista ametumwa kanisa la mbali siku hiyo, na padre yuko Machakos mjini.

Mama alisimama akimtazama Susu. Kisha akaniuliza, "Si mlifundishwa mtu akiwa anakufa, yeyote anaweza?"

Tulifundishwa hivyo kweli, darasa la komunio ya kwanza: kwenye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi awe na maji, aseme yale maneno, na akusudie kile Kanisa linachokusudia. Nikasema ndiyo. Nikachota maji mtungini kwa kikombe, nikasogea kitandani, nikainua mkono.

Susu akausukuma. Hakuwa na nguvu, lakini aliusukuma. Macho yake yakamtafuta mama, na kidevu kikamwonyesha.

"Susu, huyu si wamesema..." nikaanza.

"Yeye," Susu akasema.

Mama akachukua kikombe. Akamuuliza anataka jina gani. Mimi nilidhani atasema Sara, maana ndiye aliyemsikia kwanza. Susu akatingisha kichwa kama aliyeyasikia mawazo yangu, akasema "Naomi." Mama akainua kichwa cha yule mzee kwa mkono wa kushoto, akamimina maji mara tatu, akasema yale maneno kwa sauti ya kawaida, ile aliyotumia kumwambia chakula kiko tayari. Susu alifunga macho. Maji yalimshuka shingoni yakalowesha blanketi, na mama akayafuta kwa leso yake. Kabla ng'ombe hawajarudi malishoni alikuwa amekwenda.

Kesho yake watu walijaa. Mwenyekiti alikuja na wazee wa jumuiya, katekista akiwa pamoja nao. Tulisema tunaomba Susu azikwe na Kanisa, kwa sababu amekufa Mkristo. Nikaona mwenyekiti anakodoa macho. Sasa zamu ya kushuku ilikuwa yake, na aliifanya vizuri kuliko mimi.

"Amebatizwa lini?"

"Jana."

"Padre hakuwa hapa. Mwalimu hakuwa hapa." Akawageukia wazee. "Watu wakitaka kitu, huweza kusema lolote. Nani alimbatiza?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Nilikuwa nimeshajipanga. Mimi sikuwa na doa, nilikuwa na cheti cha kipaimara, hakuna ambaye angenipinga, na niliogopa jina la mama likitajwa hapo kila kitu kitabomoka. Mama aliniwahi. Alisimama kutoka kwa wale wanawake waliokuwa wamekaa chini, bado ameshika sufuria ya chai ya wageni.

"Mimi," akasema. "Mke wake."

 Mwenyekiti alimtazama katekista, akimngoja. Katekista alimuuliza mama alisema maneno gani, na mama akayasema, yote, kwa mpangilio wake. Akamuuliza kama ni maji ya kawaida. Ya mtungi, mama akajibu. Akamuuliza jina. Mama akamtajia.

Katekista akavaa kofia yake, akauliza kaburi linachimbwa wapi.